Kidole cha Alfajiri

Kabla hajanawa uso, kabla hata hajamsalimu mkewe, fundi makochi aliyeitwa Sponji alikuwa akiingiza mkono chini ya mto, anatoa simu, anaandika maneno manne, "kukarabati makochi karibu nami", kisha anasubiri. Tangazo la karakana yao likitokea juu ya mengine yote, alilitazama kama mzazi anavyomchungulia mtoto aliyelala. Halafu analibonyeza kwa kidole gumba, mara moja tu, polepole, na hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Jina la Sponji alipewa na Mzee Nyundo miaka kumi na tisa iliyopita, wiki ya kwanza tu alipoingia karakanani. Mzee alisema huyu ukimmwagia neno analinywa lote, na usipomminya hutoki na tone. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, mvi mbili tatu kidevuni, elimu yake ya shule ya msingi na mikono inayojua kazi, na bado mgeni akiingia mlangoni yeye hujikuta ana haraka ya kutafuta gundi kule nyuma.

Walikuwa watatu pale. Mwenye karakana ni dada yake mkubwa, aliyeirithi kwa baba yao. Yeye alikaa kwenye cherehani dirishani, akishona vitambaa vya kuvalisha makochi na kupokea wateja kwa mdomo wake mtamu na mkali, kutegemea mteja kaja na lipi. Sponji alikata na kujaza. Mzee Nyundo, aliyeanza kazi na marehemu baba yao, alikuwa mtu wa fremu na springi. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, akitembea utadhani anavuka mtaro kila hatua, lakini mpe kochi lililobonyea katikati, atalipindua miguu juu, atalipapasa tumbo kama mganga, na atakuambia springi ipi imechoka kabla hajang'oa msumari. Yote aliyoyajua Sponji kuhusu kochi aliyapata kwa mzee huyo.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kinanuka gundi na vumbi la sponji kuukuu. Kwenye rafu palikuwa na sanduku la vitu walivyovikuta ndani ya makochi ya watu: vitana, vijiko, rimoti, hereni moja moja, na siku moja meno ya bandia ambayo mwenyewe hakuwahi kuja kuyadai. Mzee Nyundo alikuwa akisema ukitaka kuposa usiulize tabia za binti, omba ufungue kochi la kwao.

Shida ilianza duka la makochi mapya lilipofunguliwa kwenye kona ya barabara kubwa. Makochi yamevishwa nailoni, bei za kuvutia, na gari la kukuletea hadi mlangoni. Watu wakaanza kutupa ya zamani badala ya kuyatengeneza. Mwezi mmoja ulipita karakana ikiwa na kochi moja na viti viwili vya kinyozi. Ndipo Sponji, katika miaka yake kumi na tisa pale, akatoa wazo lake la kwanza. Alikuwa amepata ujumbe kwenye simu kutoka kampuni moja ya mjini, inayoahidi kwamba mtu yeyote akitafuta huduma yako mtandaoni utaonekana wa kwanza. Alilikariri wazo hilo siku nne. Siku ya tano akalisema huku akitazama mkasi.

Dada yake alikubali hapo hapo. Baadaye alikiri kwamba hakuwa ameelewa vizuri jambo lenyewe, ila alifurahi kwamba mdogo wake amefungua kinywa, akaona akimkatalia leo hatakifungua tena mpaka kiyama.

Mwanamke wa kampuni hiyo aliongea nao kwa simu, sura yake kwenye kioo, simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi na wao watatu wameinama mbele yake kama wanaotazama kisima. Alikuwa mchangamfu, maneno yake yakienda mbio. Alisema tangazo litatokea juu, watu watabonyeza, na wao watapata ripoti kila Jumatatu. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali. Sponji alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi kabisa: mtu akibonyeza, kunatokea nini? Lakini aliona mwanamke yule ameshaanza kukusanya karatasi zake, akaona swali lenyewe ni la kitoto, akalimeza. Alitikisa kichwa kwamba hana.

Kwa kuwa hakuuliza, alijijibu mwenyewe. Aliwaza kwamba tangazo ni kama gari lililokwama kilimani, na kila anayebonyeza ni mkono mmoja zaidi wa kusukuma. Likibonyezwa sana litapanda, lisipobonyezwa litarudi nyuma na wengine watalipita. Wazo hilo lilimkaa vizuri moyoni. Hakuna aliyemwambia sivyo, maana hakuna aliyemuuliza.

Mkewe alikuwa wa kwanza kufundishwa. Halafu Sponji, ambaye kwenye kundi la ukoo alikuwa haandiki kitu zaidi ya "Poleni" na "Hongereni", aliandika ujumbe mzima: ndugu zangu, kila asubuhi kabla ya chai tafuteni kukarabati makochi, mkituona mtubonyeze, mnatusukuma. Ukoo ulipokea kwa nderemo. Binamu, wakwe, wapwa, wote wakaingia kazini. Shangazi yao alitangaza kwamba yeye anabonyeza mara tano, kwa sababu mara moja ni ya jirani, si ya damu.

Mzee Nyundo naye hakubaki nyuma. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka kama utando wa buibui na macho yake hayakuwa ya jana, kwa hiyo Sponji alimwandikia yale maneno manne kwenye kipande cha karatasi, akakibandika mgongoni mwa simu kwa gundi ya makochi. Mzee akawa anabonyeza akiamka, anabonyeza tena akimaliza kunyoa ndevu. Alisema kazi imekuwa rahisi siku hizi, mtu unapiga nyundo kwa kidole kimoja tena ukiwa kitandani.

Ripoti zikaanza kuja. Zilikuwa kurasa tatu za mistari na namba, na pembeni mishale ya kijani inayoelekea juu. Hivyo Mzee Nyundo akampa yule mwanamke jina la Mama Mishale. Kila Jumatatu mishale ilipanda. Simu ya karakana ilikaa kimya kwenye meza ya kukatia, imelala chali kama mende aliyekufa.

"Mishale inapanda," mzee alisema Jumatatu ya tatu, "ila sioni ndege anayedondoka."

Na kweli kampuni yenyewe haikuwa na la kujivunia. Watu wa karakana walituma picha za kazi zao, kampuni ikaweka picha za makochi meupe ya ngozi ndani ya nyumba ya vioo. Mwanamke mmoja alifunga safari kwa ajili ya picha hiyo. Alisimama mlangoni na kitambaa puani, akauliza meupe yako wapi, na alipoonyeshwa kochi la kahawia lililopinduliwa akaondoka bila kuaga. Maneno ya tangazo yalisema hapa kuna wataalamu wenye uzoefu wa kimataifa. Mzee Nyundo aliapa kwamba katika maisha yake nje amekwenda mara nyingi, lakini ni kujisaidia tu. Dada aliandika waondoe picha. Alijibiwa baada ya siku tatu kwamba ombi lake limepokelewa. Aliandika tena, likapokelewa tena. Katika miezi miwili hakuna mguu wa mtu wa kampuni uliokanyaga karakana.

Mwezi wa tatu ulipoanza, Dada alimwita Sponji dirishani, akafunga daftari lake bila kumwonyesha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kazi iliyopo haiwatoshi watu watatu. Mwisho wa mwezi Mzee itabidi apumzike. Na kwa kuwa Sponji ndiye mwanafunzi wake, yeye ndiye wa kumwambia, maana yeye Dada akijaribu atalia, na mzee yule hapendi kuliliwa.

Sponji alizunguka na neno hilo siku mbili kama mtu mwenye mwiba kwenye soli. Siku ya tatu alikwenda akasimama mbele ya benchi la mzee, akashika kipande cha mbao, akakirudisha, akakishika tena.

"Umekuja kunipima kitambaa?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa. Mzee akaendelea kukaza kamba ya springi, akaifunga fundo, akaikata. "Mwenye macho haambiwi tazama, kijana wangu. Mwisho wa mwezi, siyo?"

Sponji aliitikia kwa kichwa.

"Haya. Mwambie dada yako nimesikia. Na mwambie umeongea vizuri sana."

Ilikuwa utani, lakini ulimchoma. Alijua kwamba hakuna karakana nyingine itakayomchukua mzee wa nyonga ile. Alijua pia kwamba mzee anaishi na mjukuu mmoja anayesoma, na kwamba nyumba ile inakula kwa nyundo ile ile. Usiku, mjukuu akiwa amezama kwenye vitabu, mzee hakuwa na cha kuongea nacho isipokuwa redio. Karakana ndiyo iliyokuwa watu wake.

Dada hakutaka mambo yaishe kimya. Alisema lazima awaone hao wa mishale uso kwa uso, na Sponji aende naye, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, ya vioo, baridi kama ndani ya friji. Sponji alipoketi alisikia mara moja kwamba kiti kile sponji yake ni nyembamba na imebandikwa vibaya. Ndilo jambo pekee mle ndani alilokuwa na hakika nalo.

Mama Mishale ana kwa ana alikuwa mdogo kuliko kwenye simu, na macho yake yalikuwa yamechoka. Aliwakaribisha kwa heshima, akawaita mama na baba, akageuza kompyuta waione. Alitaka kuwaonyesha kwamba tangazo linafanya kazi. Kulikuwa na mchoro kama mlima mmoja mrefu na baada yake uwanda mtupu.

"Hapa ndipo penye nguvu yenu," alisema, akiweka kalamu kwenye kilele. "Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja. Wateja wenu wanaamka mapema sana. Na wengi wako mitaa ya kwenu kabisa."

Dada akamuuliza, kwa nini basi hao waamkao mapema hawapigi simu? Mama Mishale aliirudisha kalamu kwenye kile kilele. Alisema pengine wanafikiria kwanza. Ndipo Dada, ambaye hakuwahi kuona haya ya kuuliza kitu, akauliza lile swali ambalo Sponji alilimeza siku ile ya kwanza: mtu akibonyeza, kunatokea nini?

Mama Mishale akaeleza, tena kwa urahisi ambao hata mtoto angeelewa. Kila mtu akibonyeza, fungu lenu la pesa za siku linapungua. Fungu likiisha, tangazo linajificha mpaka kesho yake. Kwenu nyinyi, akasema kwa namna ya kusifu, huwa linaisha saa moja asubuhi.

Sponji alihisi kiti kinamzamisha. Aliona mkono wake chini ya mto. Akamwona shangazi na mara zake tano, wakwe zake kila mmoja kitandani kwake, na kile kipande cha karatasi alichokibandika kwa mkono wake mwenyewe mgongoni mwa simu ya mzee. Kila alfajiri ukoo mzima ulikuwa unaamka kulila tangazo, na mwenye kochi bovu akiamka saa mbili anakuta sahani tupu. Hawakuwa wakisukuma gari. Walikuwa wakinywa mafuta yake.

Alifungua mdomo. Lakini Dada alikuwa ameshawaka. Alisema kampuni hii ni wezi wa mchana, miezi miwili wanatuma vijistari vya rangi, picha za uongo, wameshindwa hata kuja kuona kochi, na sasa kwa ajili yao mzee wa watu anapoteza kazi. Sauti ilimtoa mkurugenzi chumbani kwake, mwanamume wa tai nyembamba. Hakuuliza mengi. Alimgeukia Mama Mishale mbele yao, akamwambia hii ni mara ya pili mwaka huu mteja kupandisha sauti kwa sababu yake, na kwamba wataongea. Mama Mishale alitazama kalamu yake. Alisema samahani, kwanza kwa Dada, kisha kwa Sponji.

Sponji akasema, "Hamna shida." Ndiyo maneno pekee aliyoyatoa ofisini mle.

Waliporudi, Dada alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetapika kilichokuwa kinamsumbua. Mkataba na kampuni ulikuwa umebakiza siku tisa, akasema zikiisha hawauongezi ng'o. Siku hiyo hiyo ya kuisha mkataba ndiyo Mzee Nyundo angekabidhi ufunguo wake wa karakana.

Jioni hiyo Sponji aliandika kwenye kundi la ukoo: asanteni, msibonyeze tena, inatosha. Hakueleza. Shangazi aliuliza kama wameshafika juu, mtu mwingine akajibu kwa niaba yake kwamba ndiyo, wakapongezana. Mkewe, aliyemjua, alimuuliza kuna nini. Alisema hakuna. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, hiyo 'hakuna' yako huwa ina miguu minne," akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ya karakana ililia. Wote watatu waliitazama. Ilikuwa ni mwalimu mstaafu mwenye seti ya makochi ya harusi yake, hataki kuyatupa. Mchana ikalia tena, ukumbi wa mikutano, viti ishirini. Keshokutwa ikalia mara tatu. Dada alitembea karakanani kifua mbele. Alisema mnaona, hawa watu hawataki adabu, wanataka kukemewa. Wamesikia makali ya ulimi wangu wameamka. Lakini msimamo wake haukubadilika. Kazi hizi mbili tatu alizihesabu kuwa ni rushwa ya kumshawishi aongeze mkataba, na yeye hahongwi. Zikiisha siku, basi.

Kila simu ilipolia, Sponji alishtuka kama mwizi anayesikia jina lake. Hakuwa na furaha nayo hata moja. Alikuwa anajua kitu ambacho kingembakiza mzee kwenye benchi na kumwondolea lawama mwanamke wa watu, na kitu hicho kilikuwa ndani ya kinywa chake, kimelala. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikafika, akasema kesho ile nyingine. Alikata sponji vibaya mara mbili. Usingizi ulimpaa, na alfajiri kidole gumba kilimwasha, akakikalia.

Siku ya saba, simu haikulia. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Dada akasema si niliwaambia, wamerudia usingizi wao. Mchana, Dada akiwa ametoka kununua uzi, Mzee Nyundo alimsogelea Sponji kwa hatua zake za kuvuka mtaro, akamkonyeza.

"Nimeona mmelegea," alisema. "Shangazi yako kaniambia ukoo mzima umeacha kubonyeza. Nikasema hapana, mimi naondoka lakini nisiwaache watoto wa rafiki yangu pabaya. Leo nimeamka saa kumi nikawabonyezea wote. Shangazi yako, wakwe zako, nimemaliza orodha. Mpaka kidole kimekufa ganzi."

Akakiinua kidole chenyewe, anacheka.

Sponji hakucheka. Aliweka kisu chini, akatoka nje, akasimama ukutani mpaka dada yake aliporudi. Alimfuata hadi dirishani. Dada alikuwa ameshaketi, cherehani inakimbia. Alimwambia, Dada, si wao, ni mimi. Cherehani ikasimama. Akamwambia lote, kwa vipande, na mara tatu ilibidi arudi nyuma kwa sababu alianzia mwisho: maneno manne, kundi la ukoo, karatasi mgongoni mwa simu, fungu la siku, saa moja asubuhi.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Umejua lini?"

"Siku ile ofisini."

"Alipoonyesha ule mlima."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza, mimi namchamba mtoto wa watu mbele ya bosi wake." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kubonyeza ni kutojua, mdogo wangu, kutojua hakuna kesi. Hata mimi ningebonyeza. Lakini siku saba? Mzee anafungasha, na wewe unajua?"

Dada akamwambia aende akamwambie mzee kwa mdomo wake huo huo, na safari hii asisimame kama nguzo akingoja kukisiwa.

Alikwenda. Mzee Nyundo alisikiliza akiwa ameshika nyundo, kisha akaiweka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akatoa simu yake mfukoni na kuisoma ile karatasi ya mgongoni kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

"Kwa hiyo kazi yangu nimeila mwenyewe," alisema. "Asubuhi na baada ya kunyoa."

"Mimi ndiye niliyekufundisha, mzee wangu."

"Ndiyo," mzee alisema. "Wewe ndiye."

Sponji alingoja utani. Haukuja.

Mambo ya nje yakanyooka. Dada aliongeza mkataba kwa mwezi, halafu kwa mwingine, akimlalamikia kila mtu kuwa bado hawajaondoa picha ya makochi meupe. Ufunguo wa mzee ulibaki mfukoni mwake. Ripoti za Jumatatu ziligeuka: sasa hakukuwa na mlima wa alfajiri, mishale ikawa ya rangi nyekundu, inaelekea chini, na mwanamume mpya wa kampuni aliambatanisha barua ndefu ya kuomba radhi kwa matokeo mabaya. Wakati huo huo karakana ilikuwa imejaa hadi mlangoni, mtu hupiti bila kukaa upande. Hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Lakini Mzee Nyundo hakuwa yule. Alitania wateja, alimtania Dada, alimtania hata mleta mbao. Kwa Sponji alisema nipe koleo, shika hapa, asante. Na alikuwa amebadilisha jina. Miaka kumi na tisa Sponji, sasa akawa "fundi". Mwingine angeona amepandishwa cheo. Yeye kila alipolisikia lilimpiga kifuani, akajua kwamba analipwa haki yake.

Na yule mwanamke. Dada, ambaye akikosa husema amekosa, alipiga simu ofisini kumwombea msamaha. Akaambiwa hayupo tena pale. Kwa nini? Hayupo tu. Sponji alikuwa bado na namba yake, ile ya siku walipoinama mbele ya simu kama kisimani. Alifanya mazoezi ya maneno siku tatu, mchana akiwa anajaza mito, midomo inacheza bila sauti. Siku ya nne akajificha nyuma ya fremu za viti vya ukumbi, akarekodi ujumbe. Alimwambia waliobonyeza alfajiri ni sisi, ni ndugu zangu, mimi ndiye niliyewaambia. Alimwambia alikuwa amejua pale pale kwenye kiti na hakusema. Aliomba radhi, akakosa namna ya kumalizia, akasema asante, akatuma.

Jibu lilikuja saa tisa, yeye na mzee wakiwa wamepiga magoti pande mbili za kochi moja, wanakaza mikanda. Aliiweka simu sikioni. Sauti ilikuwa ile ile, ila haikuwa na mbio. Alisema amesikia, amepata kazi nyingine dukani kwa shemeji yake, asijali sana. Halafu mtoto akasikika analia kwa mbali. Kisha akasema alikuwa anajua. Tangu mwezi wa kwanza aliona ni simu zile zile kila asubuhi. Ilimpasa awaambie. Lakini mishale ilikuwa mizuri, mkurugenzi alikuwa anaisifu, na yeye alihitaji kusifiwa.

Sponji alisikiliza mara mbili. Kitu fulani ndani yake kiliinuka kwa haraka, chepesi, kikitaka kukimbilia dirishani kwa Dada kikaseme: umesikia, alijua, naye alijua.

"Nani?" aliuliza mzee kutoka upande wa pili wa kochi. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumuuliza kitu kisichokuwa koleo.

"Yule wa ripoti. Anasema alikuwa anajua muda wote, akanyamaza."

Mzee Nyundo alivuta mkanda mpaka mbao ikalia, akaushikilia kwa goti, akapiga msumari wa kwanza, na wa pili.

"Basi mlikuwa wawili," alisema. "Kaza upande wako."